Kiganja cha Mama Gaudence

Jumatatu, 5 Julai 1993

Baridi. Maji ya ndoo makali kama wembe. Nimeamka na wasiwasi wangu wa kila siku, nikautafutia sababu, nikaikosa. Kufika saa nne sababu ikaja yenyewe kwa miguu.

Gaudence kaja. Huyu ndiye fundi redio wa Majengo anayemtaka binti yangu Paskalina. Kasema mama yake anatoka Lusewa Jumamosi ya wiki ijayo kuja kumwona mchumba. Nikapiga kigelegele, kifupi, cha ndani ya nyumba. Gaudence ni kijana wa kushukuru Mungu. Misa haikosi, pombe haijui, na redio yetu iliyokuwa marehemu kaifufua. Binti anampenda mpaka anaunguza maharage. Wakikosana hawa, nitazikwa mimi.

Mchana jirani Kunegunda kaja kuazima kinu. Ni Mama Jane huyu, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna. Haazimi kitu bila kuacha kingine. Leo kaacha hiki: kwamba Mama Gaudence hupima mkwe kwa kiganja! Haulizi ukoo, haulizi kipaimara. Anakushika mkono, anakupitishia kidole gumba katikati ya kiganja. Kikiwa kigumu, karibu nyumbani. Kikiwa laini, umekwenda na maji. Kasema yule ni mkulima wa tumbaku, amezoea kuchambua majani kwa vidole ndani ya bani, kule kwenye giza na moshi wanakokaushia. Kasema mchumba wa kwanza wa Gaudence, msichana wa hapa mjini, alifukuzwa kwa maneno mawili tu: mkono andazi.

Nikacheka kama mtu asiyejali. Alipotoka tu nikamfuata Paskalina nikamshika mkono.

Yesu na Maria! Tumbo la kifaranga!

Kosa si lake. Anauza dukani kwa Abasi, vitambaa na losheni. Tangu bidhaa za nje ziruhusiwe, losheni zinaingia Majengo kama mvua ya Februari, na kila mteja anataka aone kwanza inavyokaa. Inakaa wapi? Mkononi kwa Paskalina.

Jioni nikasikia kinu changu kinalia uani kwa Kunegunda. Anayetwanga ni Jane, binti yake, ambaye tangu azaliwe mchi aliuona kwa mbali. Ndipo nikaelewa kinu kimeazimwa kwa ajili ya nini. Na Jane naye hajaolewa.

Mwalimu wa ngumbaru alituambia tuandike kila siku, la sivyo herufi zitatukimbia. Leo zimekuja nyingi mno.

Jumatano, 7 Julai 1993

Sabasaba. Duka limefungwa. Nikampeleka Paskalina kwenye matuta yetu ya mboga bondeni. Nikamwambia kulima kunaleta damu usoni. Kauliza damu ya usoni imeanza lini kututia shida. Nikasema lima.

Kalima vizuri, hata kaimba. Nilipomwona anataka kufunga mpini kwa kitambaa nikamnyang'anya kitambaa, nikasema nina mafua. Tuliporudi nikamsugua viganja kwa majivu, halafu kwa kipande cha tofali. Rupert, mume wangu, kapita na mbao zake kauliza tunafanya nini. Nikasema tunatoa uchafu. Kasema uchafu upi, mbona anaona tofali ndilo linalochafua. Seremala yule, mambo ya ngozi hayajui.

Nimelala na furaha. Kwa siku hizi zilizobaki tutapata kiganja kama gome.

Ijumaa, 9 Julai 1993

Malengelenge.

Viganja vyote viwili. Yamevimba, yamejaa maji, yanang'aa. Nikabonyeza moja, pole pole. Laini kuliko mwanzo! Laini juu ya laini! Paskalina kalia kidogo, nami nikalia kidogo, kila mtu kwa sababu yake.

Dukani hakuweza kushika mkasi. Abasi ana moyo mzuri, kamhurumia. Kampa dawa. Dawa gani? Kopo zima la losheni mpya, bure, apake asubuhi na jioni.

Kule kwa Kunegunda kinu kinalia tu.

Jumatatu, 12 Julai 1993

Aibu ya leo naiandika haraka nipumzike.

Alfajiri nilifua mashuka. Maji yalikuwa kama yametoka kaburini, vidole vikawa kama si vyangu. Nikaingia ndani kumwamsha Rupert, nikamgusa paji la uso. Moto! Paji linawaka kama jiko! Nikagusa shingo: moto. Nikagusa mguu: hata mguu! Nikapiga kelele kwamba usiangalie kazi leo, una malaria ya kupanda kichwani. Rupert alikuwa mzima, lakini mtu akiambiwa kwa nguvu kwamba anaumwa, ataanza kuugua kwa adabu. Kaomba chai ya maziwa. Kaomba na yai.

Nikamfunga mablanketi mawili, nikamkokota zahanati kupitia Majengo nzima. Watu wanatupa pole. Mmoja kavua kofia.

Nesi kamwekea kipimajoto. Hakuna homa. Kakitikisa, kamwekea tena. Hakuna. Kaniangalia, kanishika mkono, karuka. Kasema, "Mama, mgonjwa ni mkono wako." Halafu kanieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba mkono uliotoka kwenye baridi huona kila kitu kina moto, na uliotoka kwenye moto huona kila kitu baridi. Mkono haujui kitu chenyewe kilivyo, kasema. Unajua tofauti tu na kile ulichoshika kabla.

Tukarudi. Rupert njia nzima analalamika kwamba hakupewa hata cheti cha kupumzika.

Jumanne, 13 Julai 1993

Nimeamka na wazo! Kubwa! Nilikaa kitandani nikakishika kichwa lisitoke.

Ikiwa mkono unadanganyika kwa moto na baridi, utashindwaje kudanganyika kwa ulaini? Cha kutengeneza si kiganja cha Paskalina. Ni kiganja cha Mama Gaudence!

Nikajaribu. Nikasugua mkono kwenye gunia, halafu nikamshika Rupert shavu: laini, kama siku tulipooana. Halafu nikatafuta kitu laini kupita vyote. Nikafungua sanduku la jumuiya, maana mwaka huu mtunza vifaa ni mimi. Nikatoa kile kitambaa chetu cha mahameli, chekundu, chenye shada za dhahabu, tunachotandika mezani sikukuu ya somo wetu Mtakatifu Anna. Nikakipapasa kwa muda wa rozari nzima. Halafu nikamshika Rupert shavu lilelile.

Gunzi! Gunzi la mahindi ya mwaka juzi!

Basi mambo yamekwisha. Mgeni atapapasa mahameli, apapase, apapase, kisha apewe kiganja cha Paskalina. Atadhani ameshika mpini wa shoka.

Nilisita kidogo kwa sababu kitambaa ni cha kanisa. Lakini Mtakatifu Anna naye alikuwa na binti wa kuoza. Ataelewa.

Alhamisi, 15 Julai 1993

Mazoezi. Nimetandika mahameli kwenye kiti cha mikono, ikafunika sehemu zote mbili za kuwekea mikono. Rupert kakaa kama Mama Gaudence. Nikamfunga kitenge kichwani ili aingie kwenye kazi. Nikamwambia afumbe macho, apapase.

Kapapasa. Nikamwita Paskalina alete mkono, nikamdanganya kwamba baba yake anataka kuangalia malengelenge kama yamepona. Rupert kashika. Kanong'ona kwangu, nataka aseme nini? Nikasema ukweli. Kasema ni mgumu kweli, mgumu sana, kama mkono wa seremala. Nikamkumbatia. Kufumbua macho, tukakuta kashika mkono wake mwenyewe wa kushoto. Paskalina alikuwa bado mlangoni.

Hata hivyo kauona mgumu. Hilo ndilo muhimu.

Mchana nimeondoa nyumbani kila chenye kukwaruza. Jamvi, mikeka, fagio la chelewa, mbuzi ya nazi, msasa wa Rupert, vyote chini ya kitanda. Mgeni asiguse kitu kigumu ndani ya nyumba hii mpaka amguse mwanangu.

Jumamosi, 17 Julai 1993

Amekuja. Nitaandika kwa mpangilio, ingawa moyo hauna mpangilio.

Kashuka kwenye lori la tumbaku. Mwanamke mdogo, mkavu, mcheshi, ana kikopo cha ugoro. Kanishika mkono palepale stendi na hakuniachia mpaka tumefika. Kiganja chake ni gome la mninga! Njia nzima anasimulia habari ya mbuzi wa shemeji yake aliyekula kadi ya chama. Nilitaka kujikuna pua nikashindwa.

Nikamkaribisha kitini. Kakataa! Kasema kiti kinamuuma mgongo, yeye mtu wa chini, nimpe mkeka. Nikasema mikeka yetu imeliwa na mchwa. Kasema pole, basi hata jamvi. Nikasema mchwa walianza na jamvi. Rupert kakohoa. Mgeni kakaa kwenye saruji tupu, kwenye baridi hii ya Julai, nami nikaona mpango wangu wote umebaki umetandikwa kitini peke yake.

Lakini mama mwenye binti hakosi akili. Nikaivuta mahameli, nikamvika mabegani, nikamshikisha ncha zake mikononi. Nikasema shika, mama, papasapapasa, itakutia joto. Kapapasa! Kasema kitambaa kizuri, kina harufu ya mishumaa. Nikamchochea na maswali ili asiache. Habari za mvua, habari za mbuzi. Kila akisimulia vidole vinakwenda vinarudi.

Saa ilipotimia nikamwita Paskalina. Kapiga magoti, kaamkia shikamoo, katoa mkono. Mama Gaudence kaupokea. Kaushika. Kaushika tu. Kidole gumba kikapita katikati ya kiganja. Mimi namhesabia.

Kasema, "Ehee."

Basi. Ehee! Ehee ya nini? Kuna ehee ya kukubali na kuna ehee ya "nilijua tu." Nimeishi miaka yote hii sijaona neno dogo lenye mlango wa mbele na wa nyuma namna ile.

Kabla sijatulia, hodi! Kunegunda. Kaja kurudisha kinu, leo, saa ile, na kinu kabebeshwa Jane. Kajifanya kushangaa, loo, kumbe mna mgeni, mbona hatuambiani, mama? Jane kapiga magoti haraka kuliko mtu aliyebeba kinu anavyoweza. Katoa mkono. Kwa wiki zile za mchi mkono wa Jane umekuwa msasa mtupu. Mama Gaudence kaupokea, kaushika, gumba likapita.

Kasema, "Ehee."

Ileile! Si ndefu zaidi, si fupi zaidi! Kunegunda kaniangalia, nami nikamwangalia, na kwa mara ya kwanza tulikuwa na wasiwasi mmoja.

Baadaye mgeni kaingia jikoni kusaidia. Kaikuta sufuria ya maharage inachemka. Kaiinua jikoni kwa mikono mitupu, bila kitambaa, kaiweka chini pole pole, anaongea. Kunegunda kanong'ona, "Mikono ya chuma ile." Nikaitikia. Nikaanza kuogopa kwamba mkono kama ule haudanganywi na mahameli.

Akabaki jikoni na Paskalina, wawili tu, mlango wamerudishia. Nikapita nje karibu na dirisha, nikijifanya natafuta kuku. Wanacheka. Wanacheka nini? Kuku hakuonekana.

Jumapili, 18 Julai 1993

Ameondoka baada ya misa ya kwanza, kwa pikapu ya watu wa Namtumbo. Hakusema jibu. Kasema jambo kama hili lina wenyewe, atakwenda kuongea na wa upande wa baba, kisha habari itakuja.

Na ameondoka na mahameli mabegani!

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Kanishika mkono, kasema asante kwa joto hili mama mwenzangu, huko nyuma ya pikapu upepo unakata masikio. Sasa utamwambiaje mtu ambaye binti yako anasubiri jibu lake, vua? Nikafunga mdomo. Pikapu ikaondoka, shada za dhahabu zinapepea.

Sikukuu ya Mtakatifu Anna ni Jumatatu ya tarehe 26.

Jumatano, 21 Julai 1993

Kunegunda kaja asubuhi, kataka kitambaa cha jumuiya akipige pasi. Nikasema nimekianika. Kaangalia kamba: soksi za Rupert. Nikasema kimeanikwa ndani, kisipauke. Kasema atarudi saa tisa.

Nikakimbilia mitumba. Nikapekua, nikapekua, nikapata pazia jekundu la Ulaya, laini kiasi. Si mahameli. Lakini Kunegunda namjua, ni mtu wa kushika. Sokoni hanunui hata kitunguu bila kukishika. Na mkono ni mkono, uwe wa Lusewa au wa Majengo! Kwa Mama Gaudence tulihitaji kianze laini ili kingine kiwe kigumu. Huyu tumgeuzie: aanze na kigumu, pazia liwe mahameli.

Saa tisa kafika. Nikamwomba anisaidie kwanza kuhamisha gunia la mkaa. Nikamzungusha nalo. Kutoka uani mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka nyuma, halafu nikasema hapana, turudishe uani. Gunia la katani, lile lenye miba. Viganja vikawa vyekundu. Hapohapo nikamvuta ndani, nikamwekea mkono juu ya pazia lililokunjwa.

Kafumba macho. Kasema, "Mh! Laini jamani. Hiki kitambaa kila mwaka kinazidi."

Imefanya kazi! Nilikaribia kupiga kigelegele.

Kumbe kitu kimoja sikukipanga. Kunegunda ana macho. Kayafungua, kalikunjua pazia. Lina dubu. Dubu wengi, wamevaa kofia, wanapanda baiskeli. Mimi nililikunja upande mwekundu juu nikawasahau.

Kauliza kwa sauti ya chini sana, Mtakatifu Anna alifuga dubu lini? Halafu kauliza mahameli iko wapi. Nikajikanyaga, nikajikanyaga, mwisho nikasema iko Lusewa.

Kabla ya jua kuzama jumuiya nzima inajua kwamba nimehonga mkwe kwa kitambaa cha Bibi yake Yesu.

Alhamisi, 22 Julai 1993

Paskalina kayasikia dukani, mbele ya wateja. Na kayasikia yote, pamoja na habari ya viganja, maana Kunegunda akisimulia huanzia mwanzo.

Karudi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kakaa mbele yangu, kaweka mikono yote miwili mapajani, kauliza, "Mama, mikono yangu inakutia aibu?"

Nikaitazama mikono yangu mwenyewe.

Alipokuwa mdogo nililima vibarua kwenye matuta ya watu. Nilibeba mawe ya msingi, nilifua nguo za walimu kwenye maji kama yale ya juzi. Kila nilipompeleka shule nilikuwa naomba moyoni mikono yake isije ikafanana na yangu. Mungu kanisikia, nami nikaenda kuchukua tofali. Nilitaka kumwambia hayo.

Nikasema, kula kwanza.

Kala. Alipomaliza kachukua lile kopo la Abasi, kanivuta mkono, kanipaka losheni, kidole kimoja kimoja. Sikuweza kupima kama mkono wake ni laini au mgumu. Nilisikia tu ni wake.

Kuhusu Gaudence hakusema kitu. Nilimuuliza kama jibu likija vibaya itakuwaje. Kageuza uso, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 24 Julai 1993

Gaudence kaja! Kwapani ana kifurushi. Nikakaa chini kabla hajasema, ili nisianguke.

Kasema mama yake amekubali, na ukoo umekubali. Kigelegele nilichopiga safari hii hakikuwa cha ndani ya nyumba. Uani kwa jirani ufagio ulisimama.

Halafu kanieleza, na hapa nilishika kichwa. Mama yake alikubali siku ileile, jikoni! Paskalina alimwambia wazi: mama, mikono yangu ni laini, mimi nauza vitambaa, haya malengelenge ni ya mama yangu. Mama Gaudence kacheka mpaka ugoro ukamwagika kwenye mchicha. Kamwambia nyumbani kwake wenye mikono migumu wamejaa, anamtaka anayejua kupima na kukata bila kupunjwa. Na Paskalina kayajua yote hayo wiki nzima, kanyamaza! Nikamgeukia kwa ukali. Kasema jibu la posa halitangazwi na bibi harusi, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha hivyo. Na juzi mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Nikamuuliza Gaudence, na kiganja? Na kile kipimo cha mama yako? Kashangaa. Kipimo gani? Vidole vya mama yake vilikufa ganzi zamani, kwa miaka ya moto wa kukaushia tumbaku. Ukimpa jiwe na andazi bila kuangalia, hatofautishi. Sufuria akijua ni ya moto, ujue amesikia harufu ya ngozi. Wamemkataza kuinua vyungu, hasikii.

Sasa mbona anashika watu mikono? Kasema, ili wasiondoke kabla hajamaliza kusimulia.

Na yule mchumba wa kwanza? Aliondoka mwenyewe, alishindwa moshi. Mambo ya mkono andazi hayapo. Kauliza nani kaniambia. Nikasema, watu.

Alipokwenda nikakaa nikatafakari, maana mtu hapaswi kuacha jambo juujuu. Vidole vina ganzi, sawa. Mahameli vidoleni haikufanya kitu, sawa. Lakini mabega je? Mabega hayana ganzi! Na mahameli ilikaa mabegani mwake tangu anaingia hadi jikoni alikokubali. Kwa hiyo imefanya kazi. Imepita njia nyingine tu. Nikamweleza Rupert. Karudi kwenye randa yake bila kusema, dalili kwamba amekubali.

Ndani ya kifurushi ilikuwa mahameli, imekunjwa vizuri, na salamu kwamba yeye alidhani nimemwazima kwa ajili ya safari. Imenusurika. Inanuka tumbaku.

Jumatatu, 26 Julai 1993

Sikukuu ya somo wetu imepita salama. Mahameli imetandikwa. Hironimus katekista alipoinama mezani kapiga chafya mpaka kapotea kwenye litania, tukaitikia wenyewe. Watu wamenipa hongera ya posa. Dubu hawakutajwa, isipokuwa na wawili watatu.

Kunegunda kanishangaza. Baada ya misa kaja moja kwa moja, kanikumbatia, kasema yaliyopita yamepita, furaha ya Paskalina ni ya jumuiya nzima. Na kwa kuwa sasa tumepatana, kanivuta pembeni kunitahadharisha. Jumapili washenga wanakuja, na mkubwa wao ni mjomba wa Gaudence, mzee Polikarp. Basi mzee huyo, kasema, hupima nyumba ya watu kwa kifurushi anachofungiwa cha njiani. Hafungui kuangalia. Anakipimapima mkononi tu, hivi, hivi. Kikiwa chepesi, anakumbuka kasoro.

Nikashika ukuta wa kanisa. Lakini kichwa kikafanya kazi. Mwaka huu karanga zangu za kumfungia mgeni ni chache. Nyumbani nikamuuliza Paskalina, kwa mbali tu, kama mtu anayepiga soga, hivi dukani watu hupimaje mzigo kwa mkono? Kasema ni vituko: mtu ukimpa kopo kubwa na dogo, uzito uleule mmoja, kila mara ataapa kwamba dogo ndilo zito.

Dogo ndilo zito!

Nikamwita Gaudence kupata hakika. Kasema mjomba hana kipimo chochote duniani, anapenda ugali na usingizi. Maskini, kijana mzuri, ndugu zake hawajui.

Basi Rupert nimemtuma akatafute kopo. Dogo kabisa, la chuma, lenye kifuniko cha kubana. Kauliza kopo la nini, nikamweleza. Kauliza habari za mzee Polikarp nimezipata kwa nani, nikasema kwa Kunegunda. Kafika mlangoni, kavua kofia aliyokwisha kuivaa, kanigeukia.

Najua anachofikiri. Lakini safari hii ni tofauti. Kaniambia pale pale mlangoni pa kanisa, ametoka kukomunika, hata kumeza vizuri alikuwa hajameza. Nani adanganye katika hali hiyo?